Bwana Nyama na Alama za Hifadhi

Jina lake nililijua, maana nilisaidia kunakili orodha ya wapiga kura wa kijiji, lakini sikumbuki hata siku moja kumsikia mtu akilitumia. Wote walimwita Bwana Nyama. Ndivyo watu walivyowaita askari na maofisa wa wanyamapori tangu zamani, na yeye alikuwa askari wa pori kwa miaka mingi kabla sijamfahamu. Nilipopangiwa kufundisha katika kijiji kile, mashariki ya Bariadi, kwenye mbuga za udongo mweusi zinazoishia mpakani mwa hifadhi, alikuwa ameshaachishwa kazi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake ilianza kununuliwa na watu wenye malori yao, mitumba ikajaa gulioni, na maofisini wakaanza kupunguza watu. Yeye alipunguzwa kwa barua fupi. Aliniambia aliisoma mara mbili, akaikunja, akavaa viatu, akaenda doria.

"Barua imesema sina kazi," alisema. "Haikusema sina macho."

Doria hiyo aliifanya karibu kila wiki kwa miaka yote niliyokaa jirani naye. Bunduki hakuwa nayo, na sare aliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Alichukua fimbo, kibuyu cha maji, na kofia ya mtumba yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Akirudi alipita kwangu kabla ya kufika kwake, akasimama nje ya ua, akanieleza alichokiona, iwe nimeuliza au sikuuliza. Pofu, wale swala wakubwa, wameonekana upande wa kusini. Moto umeunguza nyasi kabla ya wakati wake. Askari wa kituo cha mpakani wanakunywa maji ya dimbwi pamoja na ngiri.

Mimi ni mtu wa Kalemela, ziwani. Kwetu mnyama wa kuogopa ni kiboko, na anakaa majini, humfuati. Habari za hifadhi hazikunihusu. Mwanzoni nilimsikiliza kwa adabu tu, kama mtu anavyomsikiliza mzee wa jirani, nikiwa na sufuria jikoni inayotaka kuungua.

Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, mkaguzi akija shuleni kwenu anatazama nini?"

"Maandalio ya masomo. Mahudhurio. Madaftari ya watoto."

"Na watoto wenyewe?"

"Muda ukiwepo."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Basi ni hivyo hivyo na kule. Wanakagua ofisi, halafu wanasema wamekagua pori."

Kwake hifadhi ilikuwa kitu cha kupewa alama, na alikuwa na namna yake ya kuzitoa. Askari wa mwisho kabisa, yule anayelala mpakani, ana viatu na maji? Mnyama akimwona mtu anakimbia, au anainua kichwa tu na kuendelea kula? Mpaka uko pale pale ulipokuwa mwaka jana? Na mtu aliyeliwa mahindi yake na wanyama, akapeleka malalamiko, amejibiwa hata kwa kukataliwa? Hakuwa na swali jingine. Idadi ya watalii haikumhusu. Alisema watalii wakiwa wengi maana yake barabara ni nzuri.

Hakuwa mtu wa kupendwa, na hilo nalisema wazi, maana wakishafariki watu hawa tunawapaka mafuta. Kijijini zilikuwepo nyumba ambazo hakuweza kuingia. Alikuwa amekamata waume wa watu na kaka za watu. Kilabuni akiingia, mazungumzo yalikatika, na yeye alikaa pale pale katikati ya ule ukimya akanywa kikombe chake chote bila haraka. Nilimwuliza kwa nini asinywee nyumbani. Akasema akianza kujificha watadhani anaona aibu kwa yale aliyoyafanya sawasawa, na yeye alitaka kubaki na aibu ya yale mengine tu. Wakati ule sikumwelewa.

Kanisani nako hakuwapa raha. Sisi Wakatoliki wa kigango kile tulisali na katekista, padre akifika mara chache. Yakifika maombi ya waamini, watu waliombea mvua, wagonjwa na amani. Yeye alisimama Jumapili baada ya Jumapili akasema, "Tuwaombee askari wa kituo cha mpakani wapate viatu." Katekista alimfuata nje akamwomba aombe mambo ya kiroho zaidi.

"Aliyewaacha miguu peku ana roho ya namna gani?" akamjibu. "Hilo ni la kiroho."

Na tembo aliwachukia. Huwezi kutegemea hivyo kwa mtu wa kazi ile, lakini aliwachukia kwa moyo wote, akasema ni viumbe wasio na adabu, wanakula kidogo na kukanyaga kingi. Walipoingia kwenye mahindi yake alfajiri moja nilimkuta amesimama pembeni ya shamba akiwatukana kwa Kisukuma, kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama anayeita mahudhurio. Mwaka huo huo alikuta mzoga wa tembo dume ng'ambo ya mpaka, uso umekatwa, pembe zimeondolewa. Siku mbili hakuonekana kijijini. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekaa mlangoni, bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliloletewa na mkwe wake liko pembeni halijaguswa, inzi wamelijaa.

Aliyemchukia kuliko wote kijijini alikuwa Mama Kabula. Mume wake alikamatwa na Bwana Nyama kwa kosa la kuua wanyama bila kibali, akafungwa, na kifungo chake kilikuwa kirefu. Alipotoka alikaa nyumbani msimu mmoja tu. Hakuweza kukaa na watu. Akasema anakwenda kutafuta machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na hakurudi. Mama Kabula alilea watoto wake peke yake kwa pamba na mpunga. Tangu mume alipofungwa, kila mvua za kwanza zikinyesha, Bwana Nyama alifika shambani kwake na maksai na plau, akalima eka zote, akaondoka. Hakuitwa. Hakupewa hata maji ya kunywa. Mama huyo alimwacha alime kwa sababu shamba lilihitaji kulimwa.

"Mwangaluka, mayu," Bwana Nyama alimsalimu kila asubuhi wakipishana njiani.

"Mwangaluka," alijibiwa, na uso ukitazama upande.

"Hana haya yule," Mama Kabula aliniambia. "Ananihurumia. Sikuomba huruma yake."

Sasa nieleze habari ya wale wataalamu, maana ndiyo iliyonifanya nimkumbuke hivi ninavyomkumbuka.

Katika miaka ile ile ya ruksa ilifika kampuni ya uwindaji wa kitalii. Ilipewa kitalu cha kuwindia kinachopakana na kijiji chetu, ikajenga kambi ya mahema makubwa, ikaweka meneja. Kati ya kijiji na pori kulikuwa na kijito, na wafugaji wote walijua kwamba mpaka ulikuwa ng'ambo ya kijito hicho. Wakati wa kiangazi, malambo yakikauka, ng'ombe wa vijiji vitatu walinywa pale. Kiangazi kimoja watu wakaamka, wakakuta jiwe la mpaka liko upande huu, limepakwa chokaa nyeupe. Ng'ombe walioshuka kunywa wakakamatwa kwamba wameingia kitaluni. Wazee wakaenda kulalamika wilayani, wakaambiwa jambo linashughulikiwa.

Ndipo tukasikia wanakuja wataalamu kupima jinsi hifadhi na maeneo yanayoizunguka yanavyosimamiwa. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha kikao siku mbili kabla. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka ya kuona kijiji kinapata kitu.

"Wageni hawa wakiondoka na picha nzuri," alisema, "kampuni imeahidi kutujengea madarasa mawili ya shule. Meneja amenipa neno lake. Naomba tusiharibu."

Kisha akanitazama mimi. Darasa la kwanza na la pili walisoma nje, wakikaa juu ya mawe. Mvua ikija tuliwarudisha nyumbani. Nilipangiwa kuandika muhtasari wa mkutano, ambao wataalamu wangeuambatanisha na ripoti yao, na nilijua kabisa ninatakiwa kuandika nini.

Walikuja watatu, wanaume wawili na mama mmoja ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wao, wenzake wakimwita Daktari. Mama mpole, mwenye miwani, amevaa kitenge na raba. Fomu yake ilikuwa na maswali mengi, na kila swali lilipewa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Tulikaa chini ya bati la ofisi ya kijiji. Akauliza mipaka inajulikana? Mwenyekiti akajibu inajulikana. Uhusiano na wananchi ukoje? Ni mzuri. Wananchi wanashirikishwa? Wanashirikishwa. Meneja wa kambi alikuwa amekaa pembeni, amekunja mikono, anatabasamu.

Bwana Nyama akasimama. Hakuinua mkono.

"Mama, mmetoka Bariadi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, mzee."

"Mmekaa kwenye gari asubuhi nzima ili mfike hapa. Mpaka uko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka ulipokaa. Hujauona. Utaupa alama gani?"

Mwenyekiti akasema, "Bwana Nyama, kaa chini."

"Sikai."

"Mzee wangu," mama akasema, "muda wetu ni mdogo."

"Basi andika hivyo kwenye fomu. Andika muda ulikuwa mdogo, na usiweke alama. Lakini ukiweka alama, twende."

Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa kitenge chake, akafunga fomu ndani ya faili. "Twendeni," akasema. Wenzake wakatazamana. Meneja akatoa gari. Bwana Nyama akamwambia gari haliwezi kupita kwenye mbuga baada ya mvua ya juzi, jambo lililokuwa nusu kweli, na akatangulia.

Tulikuwa kama watu kumi na watano. Mama Kabula alikuwemo, sikujua kwa nini. Tulipita kwanza kituo cha mpakani. Tuliwakuta askari wawili, vijana, na viatu vya doria jozi moja, wakivaa kwa zamu. Mmoja alikuwa amevaa, mwenzake yuko na kandambili. Bwana Nyama hakuwadhalilisha. Aliwasalimu, akawaambia waeleze maeneo wanayolinda, na wakaeleza vizuri, kila korongo kwa jina lake. Akamgeukia mama.

"Hawa wape tatu," akasema. "Waliowaleta hapa bila viatu, hao unajua mwenyewe."

Kijitoni alikwenda moja kwa moja ng'ambo, maji yakimfika vifundoni, akapiga magoti kwenye nyasi, akaanza kuchimba kwa mikono. Akafukua kipande cha saruji cha zamani, ukubwa wa kichwa cha ndama, kimevunjwa juu, kikiwa bado kimeshika ardhini.

"Saruji hii niliichanganya mimi," alisema kutoka ng'ambo. "Na maji yake niliyateka hapa hapa. Lile jeupe mlilosimama karibu nalo sikulichanganya, na hakuna mtu hapa aliyeliona likichanganywa."

Meneja alikuwa ametufikia, gari limepita njia ya juu. Akasema kwa sauti ya upole kwamba mzee yuko ndani ya kitalu bila kibali na anaomba arudi.

Bwana Nyama akakaa juu ya kile kipande cha saruji.

"Nikamateni," akasema. "Mtaniandikia kosa, na kwenye kosa mtaandika mahali. Andikeni mahali sawasawa."

Hakuna aliyesogea. Nakumbuka yule askari wa kandambili aligeuka akatazama miti, na nikaona anajizuia kucheka. Mama mtaalamu akavua raba zake, akavuka kijito, akainama, akakitazama kile kipande kwa karibu, akaandika. Niliona kalamu inavyokwenda. Aliandika sana.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya ushindi, na tungerudi tukiimba. Lakini yule mama, akiwa bado ng'ambo, akamwuliza swali la fomu. "Na uhusiano wa hifadhi na wananchi, mzee, wewe unauonaje?"

"Wa sasa waulize hawa. Wa wakati wangu andika sifuri."

"Kwa nini?"

Akainuka, akatutazama sisi tuliokuwa upande huu, akimtafuta mtu mmoja.

"Mume wa mama yule pale nilimkamata na nyama ya swala mmoja. Mmoja. Mkubwa wangu akataka kesi nzito, kwa sababu mwaka ule tuliambiwa hatukamati vya kutosha. Nikaandika swala watatu na mtego wa waya. Mtego niliuokota mahali pengine. Nikaapa mahakamani. Andika hayo pia, usiandike ya jiwe peke yake."

Kijito kilikuwa na maji machache na hakikuwa na kelele, kwa hiyo wote tulisikia. Mama Kabula alishuka kwenye maji, akanawa uso, akanawa mikono hadi viwikoni kama mtu aliyetoka kuchambua pamba siku nzima. Kisha akageuka akarudi kijijini peke yake, akitembea haraka, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Jioni ile niliandika muhtasari. Niliuandika kama nilivyotakiwa. Wananchi wameridhika na usimamizi, mpaka unahitaji kufafanuliwa, ushirikiano ni wa kuridhisha. Nilijiambia kwamba yule mama ameona kwa macho yake, kwamba karatasi yangu haiongezi wala haipunguzi, na kwamba watoto wamekaa juu ya mawe. Nilimpelekea Bwana Nyama asaini kama mmoja wa wazungumzaji. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni kwake.

"Mwalimu, wewe unafundisha Kiswahili?"

"Ndiyo, mzee."

"Kuridhika maana yake nini?"

Niliitazama karatasi mikononi mwake.

"Nayajua madarasa," akasema. "Wajukuu zangu wanakaa juu ya mawe yale yale. Lakini nilishaandika uongo mmoja kwa sababu nzuri. Mkubwa wangu naye alikuwa na sababu nzuri, alikuwa analinda swala." Akanirudishia karatasi. Hakuichana, wala hakupandisha sauti. "Mimi sisaini. Wewe fanya unavyoona."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa anasema kweli mbele ya mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kuisema, ndivyo nilivyofikiri. Nikatia chai, sikuinywa. Nikaandika upya kurasa tatu, kila mtu alivyosema, na jina lake. Mwenyekiti alipousoma asubuhi yake aliurudia tangu mwanzo. Mwishowe akagonga mhuri. "Ukiulizwa," akaniambia, "sema mimi nilikuwa nimesafiri."

Madarasa hayakujengwa. Kampuni ilituma neno kwamba mipango imebadilika. Wazazi hawakunisema mimi, walimsema yeye, na wiki mbili baadaye ngitili yake ikachomwa moto, kile kipande cha malisho alichokitenga kwa ajili ya kiangazi kama wazee wa Kisukuma wafanyavyo. Kilikuwa ndicho kipande pekee kijijini kilichobaki na nyasi za kufika kiunoni. Nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta shuleni, si nyumbani. Alikuwa amekanyaga udongo na anafyatua matofali.

"Nani amekutuma?" nilimwuliza.

"Madarasa wameyakosa kwa mdomo wangu," akasema. "Mikono si yangu pia?"

Alifyatua peke yake siku nyingi. Watu walipita wakamtazama. Aliyekuja wa kwanza alikuwa Mama Kabula, na ndoo ya maji kichwani. Aliitua mbali naye.

"Maji haya nimeiletea shule," akasema. "Sijakuletea wewe."

"Nimesikia, mayu."

"Na mvua zikinyesha usije shambani kwangu na maksai wako. Nitalima kwa jembe. Nilidhani unanihurumia. Kumbe ulikuwa unajilipia."

Akateremsha macho. "Nimesikia."

Mvua zilinyesha na hakwenda. Nilimwona amesimama kwenye njia na maksai wake, akimtazama mama yule akilima kwa jembe la mkono na binti zake, mstari kwa mstari. Alisimama mpaka jua likapanda. Nadhani ile ndiyo adhabu iliyomwingia, kuliko ngitili. Darasa moja lilisimama msimu uliofuata, la matofali mabichi na paa la nyasi, na nilifundisha humo mpaka nilipohama.

Kuhusu lile jiwe, wapimaji wa ardhi walikuja baada ya kiangazi kingine kupita. Walipima siku mbili, wakang'oa lile jeupe, wakaweka jipya ng'ambo, hatua chache kutoka kwenye ile saruji ya zamani. Hakuna aliyekuja kijijini kusema kwamba tulionewa. Ng'ombe walishuka kunywa, basi. Zile alama za fomu hatukuziona kamwe. Bwana Nyama alikwenda akalikagua jiwe jipya, akarudi akasimama nje ya ua wangu.

"Limekaa vizuri," akasema. "Chokaa wamepaka nyepesi."

Mimi nilihamishwa, nikafundisha Kiloleli, kisha Kasoli, nikawa mwalimu mkuu. Wakati mkoa wetu unakatwa kutoka Shinyanga na kupewa jina la Simiyu nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu, na kwenye karatasi zangu za utumishi jina la baba lilikuwa limeandikwa tofauti na kwenye vyeti. Nikaambiwa niende mahakamani kuapa kiapo cha majina. Nilipofika niliona kwenye benchi la nje mzee amekaa wima, fimbo katikati ya magoti, macho yameingia ukungu. Nilimjua kwa jinsi alivyokaa.

"Shikamoo, Bwana Nyama."

"Marahaba." Akainua uso kuelekea sauti. "Mwalimu wa Kalemela."

Nikakaa. Nikamwuliza ana kesi gani. Akanieleza bila haraka. Mwaka uliopita alipata habari kutoka kwa watu wa machimboni kwamba mume wa Mama Kabula yuko hai, amezeeka, anauza kahawa kwenye machimbo fulani ya upande wa Geita. Akapanda basi. Akazunguka siku nne akiuliza. Akampata.

"Nikamwambia kila kitu. Kwamba ilikuwa swala mmoja. Kwamba ule mtego niliuokota."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Hayo nayajua. Nilikuwepo.'"

Nilitaka kucheka na sikuweza.

"Akanimiminia kahawa," aliendelea. "Nikanywa. Akaniambia, 'Mke wangu naye ulishamwambia, nilisikia. Mimi na yeye hatukuwa na haja ya kuambiwa kwamba mimi si mwongo. Kawaambie waliokuamini.'"

"Ndiyo maana uko hapa."

"Hii ni mara ya tano. Nataka waandike kwamba niliapa uongo. Wakitaka kunifunga wanifunge, wakitaka wasinifunge, lakini iandikwe mahali ilipoandikwa ile ya kwanza. Mama Kabula nilimwambia kwamba naja. Hakunijibu, ila safari hii amenifungia michembe, vipande vya viazi vikavu, ya kula njiani."

Dirisha la karani likafunguliwa. Kijana wa tai alichungulia, akamwona, akashusha pumzi.

"Mzee, umerudi tena. Si nilikwambia kesi ile ni ya zamani mno, hakimu mwenyewe alishafariki, na hakuna aliyelalamika? Nilikwambia uende nyumbani upumzike."

"Uliniambia," Bwana Nyama akasema. "Sikukubali."

Kijana akanitazama mimi, akidhani nimekuja kumchukua. Nilimwambia nina shida yangu mwenyewe, ya majina, ila mzee ametangulia na mimi namfuata. Akafunga dirisha akaingia ndani kumwuliza mtu. Bwana Nyama alitoa kifurushi cha michembe mfukoni, akakifungua juu ya magoti kwa vidole vyake vinene, akanisukumia nusu, na tukakaa pale tukitafuna, tukingoja dirisha lifunguliwe.